Shule ndogo za vijijini: Mafanikio yasiyoingia kwenye hesabu za serikali

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Dar es Salaam au Mwanza, kutaja shule ya msingi ni kutaja umati. Ni picha ya watoto wanaomiminika barabarani asubuhi, wengine wakisoma kwa zamu, na chumba kimoja kubeba watoto zaidi ya mia moja huku mwalimu akilazimika kupaza sauti ili walioketi nyuma wamsikie. Kwa sababu hiyo, mjadala wa elimu unapopamba moto, iwe bungeni au kwenye kurasa za magazeti, tatizo linalotawala ni msongamano.

Lakini ipo shule ya aina nyingine ambayo haizungumzwi sana. Hii ina wanafunzi 100, pengine 150, kuanzia darasa la awali hadi la saba. Iko mbali na barabara kuu, mara nyingi ng'ambo ya mto ambao masika ukijaa hauvukiki. Walimu wake ni watatu au wanne, akiwamo mwalimu mkuu, ambaye naye hushika chaki kama wenzake. Shule hiyo ikisikika mjini, ni kwa sababu imeshika mkia katika mtihani wa darasa la saba.

Nyingi kati ya hizo zilianza kama shule shikizi, yaani madarasa yaliyofunguliwa na wananchi kwenye kitongoji kilicho mbali na shule ya kijiji, yakiwa chini ya shule iliyosajiliwa ambayo huitwa shule mama. Mtoto huanza hapo awali, darasa la kwanza na la pili, kisha akipata nguvu za kutembea huhamia shule mama.

Kisa cha kuwapo kwa madarasa hayo kina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya wananchi kwenda kuishi pamoja katika vijiji vya ujamaa, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa kuwasogeza karibu na shule, zahanati na maji. Novemba 1974, Azimio la Musoma likataka kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe ameanza ifikapo 1977. Shule zikajengwa katikati ya vijiji hivyo, mahali watu walipokuwa.

Watu hawakubaki hapo. Miaka ilivyokwenda, familia zilirudi kwenye mashamba ya zamani, nyingine zikafuata malisho ya ng'ombe au ardhi mpya, na vitongoji vikazaliwa mbali na majengo. Ndiyo maana leo kijiji kinaweza kuhesabiwa kuwa kina shule, na takwimu zikawa sahihi kabisa, huku mtoto wa miaka sita akihitaji saa mbili za kutembea kuifikia. Katika wilaya za wafugaji kama Kiteto, Simanjiro na Longido, ambako boma moja na jingine hutenganishwa na mbuga, umbali huo si jambo la ajabu.

Wazazi wenye mtoto wa umri huo hufanya hesabu ambayo mzazi yeyote angeifanya. Humsubirisha nyumbani hadi afikishe miaka minane au tisa, atakapoweza kuvuka korongo na kujihami njiani. Serikali ilipofuta ada mwaka 2001 na kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka chini ya milioni tano hadi zaidi ya milioni nane mwaka 2007. Ada ilikuwa kikwazo kikubwa na kuondolewa kwake kulileta mafuriko. Hata hivyo, hakuna waraka unaoweza kufuta umbali. Umbali hufutwa kwa kujenga darasa, na wananchi wa vitongoji hivyo walilijua hilo mapema.

Mwanzo wa darasa la namna hiyo hufanana karibu kila mahali. Mkutano wa kitongoji hukaa, eneo hutolewa, kila kaya hupangiwa idadi ya tofali na ndoo za maji, na mchango wa fedha hukusanywa kwa ajili ya bati. Kabla ukuta haujafika kwenye lenta, watoto huwa wamekwishaanza kusoma chini ya mti, wakifundishwa na kijana wa hapo hapo aliyemaliza kidato cha nne, ambaye hulipwa debe la mahindi au fedha kidogo zinazochangwa na wazazi. Kijana huyo hana cheti cha ualimu. Anachokuwa nacho ni watoto 40 ambao, bila yeye, wangekuwa wanachunga mbuzi.

Ni baada ya miaka mingi ya juhudi hizo ndipo mkono wa serikali uliponyooshwa kwa kiwango kikubwa. Oktoba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matumizi ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), uliotolewa kukabiliana na athari za ugonjwa wa Uviko-19. Kati ya vyumba 15,000 vya madarasa vilivyopangwa kujengwa, 12,000 vilikuwa vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kila kimoja kikitengewa Sh20 milioni. Kwa mara ya kwanza, jina la shule shikizi likatajwa kwenye mpango mkubwa wa taifa. Wananchi waliokuwa na ukuta wa udongo wakapata jengo la tofali za saruji, lenye sakafu na madirisha.

Tatizo ni kwamba jengo halifundishi, na hapa ndipo panapohitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa kanuni zinazotumika kugawa walimu na fedha zilibuniwa kwa shule kubwa.

Kanuni ya ikama ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ichukuliwe shule yenye wanafunzi 140. Kwa hesabu hiyo inastahili walimu watatu. Lakini watoto hao hawako darasa moja. Wamegawanyika katika madarasa manane, awali na kuanzia la kwanza hadi la saba, na kila darasa lina masomo yake na vipindi vyake. Walimu watatu kwa madarasa manane maana yake ni kwamba, katika kipindi chochote, madarasa matano hayana mwalimu. Hapo bado hajaugua mtu, wala mwalimu mkuu hajaitwa kikao wilayani. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,400 inastahili, kwa kanuni hiyo hiyo, walimu 31. Ina msongamano mkubwa, hilo halina ubishi, lakini haikosi mtu wa kuingia darasa la nne.

Fedha nazo hufuata njia hiyo. Ruzuku ambayo walimu huiita kapitesheni iliwekwa wakati wa MMEM kwa kiwango cha dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikuwa sawa na takriban Sh10,000. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa bado ni Sh10,000, ingawa kwa thamani ya wakati huo hakikufikia hata dola tano. Kati ya fedha hizo, Sh4,000 zilibakizwa serikali kuu kwa ajili ya vitabu na Sh6,000 zikapelekwa shuleni.

Kwa shule ya wanafunzi 140, hiyo ni Sh840,000 kwa mwaka, yaani Sh70,000 kwa mwezi. Zitoke humo chaki, daftari za mahudhurio, karatasi na uchapaji wa mitihani ya majaribio, ukarabati wa dawati lililovunjika na vifaa vya michezo. Shule ya wanafunzi 1,400 hupata Sh700,000 kwa mwezi. Mtu anaweza kusema ni haki, kwa kuwa watoto ni mara kumi. Lakini nauli ya bodaboda kutoka shule ya kitongojini hadi ofisi ya wilaya haipungui kwa sababu shule ina watoto wachache. Kwa kawaida huwa kubwa zaidi, kwa kuwa njia ni ndefu. Aidha, darasa lililo bado shikizi halina hata hizo zake mwenyewe. Watoto wake huhesabiwa kwenye shule mama, na kinachowafikia hutegemea busara ya mwalimu mkuu aliye mbali, ambaye naye anabanwa.

Pamoja na hayo, mambo hufanyika. Asubuhi, baada ya paredi na ukaguzi wa kucha, mwalimu mmoja huchukua darasa la kwanza na la pili pamoja. Ubao hugawanywa kwa mstari wa chaki katikati. Upande mmoja wanaandika silabi, upande wa pili wanajumlisha, na mwalimu huhama kutoka benchi moja hadi jingine. Darasa la sita husimamiwa na kiranja likisoma ufahamu, huku la saba likiwa na mwalimu kwa sababu lina mtihani. Saa nne hunywewa uji, pale kamati ya shule ilipofanikiwa kuwashawishi wazazi, kwani Waraka wa Elimu wa 2016 uliwaachia wazazi jukumu la chakula cha wanafunzi wa kutwa. Mahindi hutoka majumbani au kwenye shamba la shule, ambalo ni masalia ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 na ambalo vijijini halijawahi kuonekana limepitwa na wakati. Baadhi ya wasomi wa mjini huliita shamba hilo unyonyaji wa watoto. Uji ukiisha, mahudhurio hushuka wiki hiyo hiyo, na mwalimu wa zamu hulijua hilo kabla ya mtafiti.

Michezo ya UMITASHUMTA inapowadia, shule ya watoto 140 haina wavulana wa kutosha kuunda timu mbili za mpira wa miguu zenye umri unaoruhusiwa, hivyo hufanya mazoezi kwa kucheza na vijana wa kitongoji. Hata hivyo, ni kawaida mtoto mmoja wa shule ya namna hiyo kuitwa kwenye timu ya kata kwa riadha, kwa kuwa mbio zake amezifanyia mazoezi kila siku ya kwenda chemchemi.

Yote hayo hayaonekani siku matokeo yanapotangazwa. Shule yenye watahiniwa 12, wawili wakishindwa, imefaulisha kwa asilimia 83. Mwaka unaofuata wakishindwa watano, asilimia inakuwa 58, na kikao cha tathmini wilayani huambiwa kwamba shule imeporomoka. Tofauti ni watoto watatu. Huenda mmoja aliugua malaria wiki ya mtihani na wawili ni ndugu ambao baba yao alihama na mifugo Mei na kuwarudisha Agosti. Shule yenye watahiniwa 120 ikipoteza watoto watatu, asilimia yake haishuki hata kwa tatu. Kwa sababu ya hesabu hiyo tu, shule ndogo hujazana kileleni na mkiani mwa orodha, na kuzisifu au kuzikemea kwa mwaka mmoja si tathmini.

Baraza la Mitihani la Tanzania lilizitenga kwa miaka mingi shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 na zaidi, jambo lililosaidia kidogo. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza 2013, shule zilipangwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu, na rangi nyekundu ilimfuata mwalimu mkuu kila alikokwenda. Januari 2023, Baraza lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, likatangaza kuacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora. Hata hivyo, orodha ndani ya halmashauri ni jambo jingine, na walimu wakuu bado huulizwa nafasi zao.

Kinachokosekana kwenye orodha zote hizo ni umri. Shule iliyo karibu humwingiza mtoto darasani akiwa na miaka sita au saba, naye humaliza darasa la saba akiwa na 12 au 13. Aliyesubirishwa hadi miaka tisa hufika huko akiwa na 15. Kwa msichana, huo ndio umri ambao Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu aolewe kwa ridhaa ya wazazi, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kuwa kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hukumu hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini mahali posa hufika mapema, binti aliyekwishavuka darasa la saba akiwa na miaka 13 na kupangiwa sekondari ana hoja mkononi ambayo mwenzake wa miaka 15 aliye darasa la sita hana.

Wapo maofisa wanaoona kuwa shule ndogo ni ghali na kwamba ni afadhali kuziunganisha na kujenga mabweni. Hoja yao ina uzito kwa watoto wa darasa la tano na kuendelea, na mabweni yamesaidia wilaya za wafugaji. Kwa mtoto wa miaka sita, hata hivyo, bweni si mbadala wa mama. Kinachowezekana ni kubadili kanuni. Shule yoyote iliyosajiliwa ipewe kwanza kiwango cha chini cha fedha na cha walimu kwa idadi ya madarasa, kisha ndipo hesabu ya kichwa ianze. Shule shikizi nayo ihesabiwe peke yake hata kabla ya kupata usajili.

Uamuzi huo hauwezi kusubiri sana. Kwa mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, elimu ya msingi inapunguzwa kuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba yanatarajiwa kumaliza kwa pamoja. Shule ya wanafunzi 140 itapata nafuu ya chumba kimoja. Ikama yake, kwa kanuni ya mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, itabaki chini ya ilivyo sasa kadiri idadi ya watoto itakavyopungua, na madarasa yatakayobaki ni saba.