Depo la Zamani na Nyumba ya Uzeeni



Kwa miaka mingi tumezoea kudai mshahara, dawa na buti. Shauri la nyumba tumelisahau, kwa sababu walio wengi kati yetu hulala katika kambi ya mwajiri, na mtu aliye chini ya bati hudhani hilo limekwisha. Siku ya kustaafu ndipo macho hufumbuka. Karani huleta barua, kapita huja kuhesabu milango na vitasa, na mzee aliyekata vichane vya chikichi tangu ujana wake huambiwa atoke kabla mwezi haujaisha, maana kijana mwingine ameajiriwa na anangoja chumba hicho hicho.

Mwaka 1961 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo nambari 115 juu ya nyumba za wafanyakazi. Ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, kwa kawaida si vizuri mwajiri awe ndiye mwenye nyumba anamolala mfanyakazi wake. La pili, mfanyakazi akistaafu, akiugua au akifa na kuacha familia, wapewe muda wa kutosha wapate pa kuhamia. Pendekezo si sheria. Sisi twalijua hilo, na wenye mali nao walijua, ndiyo sababu hawana haraka.

Lakini wapo wenzetu ambao hawakungoja. Hapa kwetu kando ya ziwa, kutoka Minago kupita Rumonge mpaka Nyanza-Lac, yako maghala mengi ya zamani, ambayo wenyewe tunayaita madepo. Yako ya mawese, yako ya pamba, yako ya ndagala. Mengine yalijengwa wakati wa Wabelgiji, kabla ya uhuru wa mwaka 1962, na mengine yalikuja baadaye pamoja na miradi ya michikichi. Kazi ya kukamua ilipotawanyika kwenye mashine ndogondogo za watu binafsi huko vilimani, madepo mengi yalibaki matupu. Popo wameingia, na watoto wanacheza humo.

Mwenzetu mmoja, aliyefanya kazi ya mashamba na baadaye ya kuchemsha chikichi, alinunua depo la mawese la ushirika fulani uliokwisha kufa, upande wa juu wa barabara kuu, kuelekea Kizuka. Alikuwa bado na miaka minane ya kazi mbele yake. Watu walimcheka. Walisema mzee anakwenda kulala stoo kama gunia. Leo ana vyumba vitatu, sebule, na baraza inayotazama ziwa, na wale waliomcheka huenda kumwuliza alifanyaje. Tumemwuliza sisi pia, na aliyotueleza yafaa yasomwe na kila mwenye nia kama yake.

Jambo lililomsumbua kupita yote ni mafuta. Depo lililowekwa mawese miaka thelathini limelewa mafuta. Sakafu imelewa, na kuta zimelewa mpaka kimo cha kiuno, mahali mapipa yalipoegemea. Fundi wa kwanza alipiga lipu juu yake, akalipwa, akaenda zake, na baada ya mvua moja lipu yote ikabanduka kama ganda la muhogo. Lipu haishiki penye mafuta. Ikabidi waanze upya: kuchonga ukuta mpaka wafikie tofali safi, kusugua kwa jivu na maji ya moto, kuacha ukauke, ndipo kupiga lipu ya mchanga mwingi. Sakafu ya udongo waliichimba kina cha mkono mzima na kuitupa mbali, kwa kuwa udongo wenye mafuta huita siafu. Hata hivyo, mama wa nyumba hiyo anasema mwezi wa tisa jua likiwaka sana, harufu ya mawese hurudi. Mzee mwenyewe anasema haisikii. Sisi tuliisikia.

Jambo la pili ni hewa. Ghala hujengwa lisiingize mtu wala mwanga; lina matundu juu tu, karibu na paa. Huku chini Imbo ni joto, si kama kule Bururi mlimani, na mtu akilala ndani ya bati bila dari atapikwa. Basi lazima kutoboa madirisha. Hapo wengi huharibu, wanatoboa mahali popote wapendapo, tena karibu na pembe ya nyumba, na ukuta unapasuka. Dirisha likae mbali na pembe, na juu yake iwekwe linta ya zege au boriti ngumu kabla tofali la chini halijaondolewa. Chini ya bati pawe na dari, hata ya mikeka, na madirishani paning'inizwe chandarua, kwa kuwa malaria haijui kama umestaafu. Choo kisiwe mbali wala kisiwe na ngazi. Mtu wa miaka hamsini hujenga akijiona bado ana miguu ya hamsini.

Yako madepo ambayo tunawaomba msiyaguse hata kama ni ya bure. Depo lililowekwa dawa za wadudu wa pamba si la kulala mtu, achilia mbali wajukuu. DDT, ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliizuia isipokuwa kwa kupigana na mbu na wadudu wengine waletao magonjwa, hukaa udongoni miaka na miaka. Ulizeni wazee waliobeba magunia humo ndani, wao wanajua kilichowekwa kuliko karatasi yoyote. Yako pia mapaa ya simenti nyembamba yenye mikunjo kama bati. Yale ya zamani mara nyingi yana asbesto, na vumbi lake huingia mapafuni na kuleta kansa baada ya miaka mingi. Paa la namna hiyo likiwa zima, liacheni lilivyo. Msilikate kwa msumeno, msilivunje kwa nyundo, na vumbi lake msilifagie likiwa kavu. Mwenye kununua kwa nia ya kulibomoa anunue depo jingine.

Tena liko ziwa. Mwenzetu mwingine, mtu mwema na mwenye bidii, alinunua depo la ndagala karibu na ufuko. Bei ilikuwa ndogo, na sababu ya udogo wake hakuiuliza. Kanuni ya Maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Kwa hiyo hati hakupata, ila alipata stakabadhi ya muuzaji tu. Mwaka 2021 maji yalifika mlangoni. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika mitaa ya Rumonge na Gatumba, na hata bandari ya Bujumbura, maji yalifika dirishani. Sasa amepanga chumba kimoja mjini, kwa fedha ile ile ya pensheni. Hatumcheki. Tunauliza aliyemwuzia alijua nini.

Sasa tufike kwenye neno zito. Ardhi ya Rumonge si ardhi tu. Aprili 1972 mauaji yalipoanza, huku kwetu palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza, na maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yao yalichukuliwa, mengine na watu, mengine na miradi ya michikichi. Baada ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, na hasa kuanzia 2008, wengi walirudi na kukuta nyumba ya mtu, au depo, juu ya makaburi ya baba zao. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kwa ajili ya mashauri haya, na mengine yaliendelea miaka mingi. Aliyerudi ni mkulima au kibarua kama sisi, na aliyemkuta pale mara nyingi ni mkulima au kibarua vile vile. Kwa hiyo kabla ya kutoa faranga moja, nenda mlimani ukaulize jirani: kabla ya 1972 hapa palilimwa na nani? Watoto wake wako wapi? Kama kuna shauri, ondoka. Kama hakuna, nenda komini kwenye ofisi ya ardhi. Kanuni ya Ardhi ya mwaka 2011 iliruhusu komini kutoa cheti cha ardhi baada ya kukagua mipaka mbele ya majirani. Na juu ya cheti hicho yaandikwe majina mawili, la mume na la mke, kwa maana tumeshaona wajane wengi wakifukuzwa na shemeji zao.

Wapo wanaotuambia: nyinyi chama mnawafundisha watu kuokota takataka za matajiri, badala ya kudai nyumba mpya. Tunakubali kwamba nyumba mpya ni haki, na tutazidi kuidai. Lakini mzee anayetoka kambini mwezi ujao hawezi kulala ndani ya madai. Na tofali la kuchoma lililochomwa vizuri zamani, likiwa limesimama wima miaka sitini, si takataka. Kinachotukera ni kwamba madepo mazuri hayafiki kwetu. Yakitangazwa, ikiwa yanatangazwa, mfanyabiashara wa mjini ameshajua wiki mbili mbele, na anayanunua yote pamoja na kiwanja. Mfanyakazi aliyeyajaza kwa mgongo wake husikia habari sokoni.

Kwa hiyo katika mazungumzo yajayo na waajiri na ofisi zenye maghala yasiyotumika, tutaweka mezani jambo hili: depo likiuzwa, kwanza waulizwe wafanyakazi wanaokaribia kustaafu, bei ikatwe kidogo kidogo katika mshahara kuanzia mtu anapotimiza miaka hamsini, na hakuna anayetolewa kambini kabla ya kupewa miezi sita. Mwajiri mmoja ameshatuambia miezi sita ni mingi. Tulimwuliza yeye mwenyewe alijenga nyumba yake kwa miezi mingapi, akacheka, akasema atafikiri.

Kabla ya siku hiyo twahitaji orodha. Kila tawi liandike madepo yaliyo katika eneo lake: ni ya nani, yaliwekwa nini, yako umbali gani kutoka ziwani, na je, kuna shauri la ardhi. Matawi ya Minago na Kizuka yameshaleta. Mutambara na Gatete bado tunawangoja.