Trei za mayai hazimzibi jirani masikio

Msomaji, ukitembea siku hizi katika mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kayole au Githurai, si ajabu ukakuta chumba cha kulala kimegeuzwa studio. Kuna kompyuta juu ya meza, maikrofoni moja, na kuta zimefunikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Kijana mwenye studio atakuambia kwa fahari kwamba sasa anaweza kuimba usiku kucha bila mtu kujua. Hebu muulize jirani.

Trei ile ni karatasi nyepesi tu. Wazazi wengi wametoa pesa, na wanafunzi wengi wametumia akiba yao, kwa sababu ya kuchanganya mambo mawili ambayo hata hayafanani. La kwanza ni mwangwi wa ndani, yaani sauti inayogonga ukuta na kurudi kwenye maikrofoni, ukawa unaimba kama mtu aliye ndani ya tangi. La pili ni sauti inayotoka nje kumsumbua jirani, au inayoingia kutoka kwa matatu na mhubiri wa kona. Mwangwi humezwa na vitu laini na vinene. Sauti ya kupita ukutani huzuiwa na vitu vizito visivyo na nyufa. Kutarajia sponji imzuie jirani kukusikia ni kuchota maji kwa pakacha.

Habari hii ya vitu laini si ya jana. Mnamo 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimtwika mwalimu kijana wa fizikia aitwaye Wallace Sabine mzigo ambao wakubwa wake hawakuutaka. Ukumbi mpya wa mihadhara ulikuwa haufai kwani neno moja lilielea hewani kwa sekunde tano na nusu, na la pili likaja juu yake. Sabine alisubiri usiku, mji ukiwa kimya, akabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa muda wa mlio kufifia. Kila mito ilipoongezwa, mwangwi ulipungua. Kutokana na kazi hiyo ya ukuli alipata kanuni inayotumika hadi leo: mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu laini vilivyomo. Kwa hiyo usilidharau blanketi. Lina ukoo mzuri.

Tuje sasa kwenye chumba chetu cha futi kumi kwa kumi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita tatu hivi huirudia na kuikuza besi ya mitetemo 56 hivi kwa sekunde, na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta zile nyingine mbili hufanya hivyo hivyo kwa besi hiyo hiyo. Ndiyo maana ngoma hunguruma ukiwa kwenye pembe, kisha ikatoweka ukisimama katikati. Usiweke maikrofoni katikati ya chumba wala pembeni; isogeze hadi theluthi ya urefu wa chumba.

Kisha tundika blanketi mbili nzito nyuma ya mwimbaji. Wengi huzitundika nyuma ya maikrofoni, ilhali maikrofoni nyingi za kuimbia husikiliza mbele tu, na kule mbele kuna mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Mwimbaji asimame kiasi cha sentimita 15 kutoka kwenye maikrofoni. Kabati lililojaa nguo, likifunguliwa milango, ni msaada mkubwa usiogharimu hata shilingi. Zulia nalo lisikose. Piga makofi mara moja: ukisikia mlio mkali wa kutetemeka kati ya kuta, bado kuna ukuta mtupu mahali.

Besi ndiyo kichwa ngumu. Blanketi haliiwezi, na sponji nyembamba haiiwezi, kwa kuwa wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita tatu. Hapo mwite seremala akutengenezee fremu za unene wa sentimita 10, zijazwe pamba ya mawe inayotumiwa viwandani kuzuia joto, zifunikwe kitambaa kwa maana pamba hiyo huwasha ngozi, na zisimamishwe kwenye pembe za chumba.

Na jirani je? Ukuta wa mawe yetu ya kuchonga ni mzito na tayari unafanya kazi yake. Mwizi ni mlango. Pima mwenyewe: mlango wa urefu wa mita mbili ulio na upenyo wa sentimita mbili chini yake umeacha wazi sehemu moja kwa mia. Upenyo huo peke yake unatosha kuufanya mlango, hata ungekuwa wa chuma, usizuie zaidi ya desibeli 20. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ziba chini ya mlango kwa mpira, ziba kandokando ya fremu, na badala ya mlango mwepesi wa plaiwudi wenye uwazi ndani tafuta wa mbao nzito. Dirisha linafuata.

Lakini usizibe chumba kama mtungi. Kukiwa na jiko la makaa ndani au chumba cha pili, hewa yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa wamelala. Rekodi, kisha fungua dirisha.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji wa sponji hawaitaji. Mnamo Februari 20, 2003, katika klabu moja iliyoitwa The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani. Sponji hiyo ilikuwa imewekwa kwa sababu majirani walilalamikia kelele. Moto ulienea kwa dakika chache na watu 100 wakafa. Sponji ya magodoro na trei za karatasi hushika moto upesi, na katika chumba chenye nyaya za umeme zilizorundikana kwenye soketi moja, sioni kwa nini mzazi akubali mwanawe alale humo. Kama ni lazima sponji, nunua ile iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, na uombe uthibitisho wa maandishi.

Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kiwango cha desibeli 35 katika makazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hicho ni kiasi cha kunong'ona kidogo zaidi, na hakuna chumba cha ploti kitakachokufikisha hapo ukiwa umewasha spika. Sauti za kuimba zirekodiwe mchana. Usiku vaa visikizio vya masikioni, uchanganye nyimbo zako humo.