Sotoka Haikujua Mpaka

Mfugaji kijana wa siku hizi akiulizwa habari za sotoka, huenda asiweze kutaja hata dalili zake. Hajapata kuona ng'ombe akitokwa na machozi na makamasi, kinywa kimejaa vidonda, akiharisha mpaka akafa baada ya siku chache. Kutojua huko ni heri, nako kumepatikana kwa kazi kubwa ya mataifa mengi.

Sotoka iliingia pande za Eritrea mnamo mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Wataliano. Haikupita miaka kumi ila ilikwisha kufika Afrika ya Kusini. Kila ilipopita iliteketeza ng'ombe na nyati. Huko Ethiopia wakulima walikosa maksai wa kulimia, na Wamasai wakakosa maziwa. Njaa ikaua watu wengi mno. Hivyo maradhi ya mnyama yaligeuka kuwa msiba wa mwanadamu.

Ulaya nayo haikusalimika. Mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitia bandari ya Antwerp, na sotoka ikazuka nchini Ubelgiji. Kwa sababu hiyo, mwaka 1924 nchi 28 zilikubaliana kuanzisha ofisi mjini Paris ili zipashane habari za magonjwa ya mifugo. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani.

Dawa ya chanjo iliyoleta mageuzi makubwa ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Daktari Walter Plowright na wenzake, wakati miaka ya 1950 ilipokuwa ikimalizika. Ilikuwa rahisi kwa bei, haikumdhuru ng'ombe, na aliyechanjwa mara moja alikingwa maisha yake yote. Kwa dawa hiyo, toka mwaka 1962 hata 1976, nchi 22 za Afrika zilichanja mifugo kwa mpango mmoja, na sotoka ikapungua sana.

Lakini hapo ndipo kosa lilipofanyika. Ugonjwa ulipoonekana kuwa umekwisha, fedha zilipungua na uchanjaji ukalegea, hali mabaki yake yalikuwa bado yamejificha katika sehemu chache, pande za magharibi na za mashariki ya Afrika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ilipofika mapema miaka ya 1980, sotoka ilikuwa imeenea tena katika nchi nyingi, ikaua ng'ombe wengi.

Mwaka 1986 kazi ilianzwa upya, na safari hii mafunzo mawili yalifuatwa. La kwanza, dawa iliboreshwa ili istahimili joto, ikaweza kupelekwa mahali pasipo barafu. La pili, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, kama vile huko Karamoja, Afar na Sudan ya Kusini, kwa kuwa wao ndio wajuao malisho na njia za makundi yao.

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuthibitisha kwamba ugonjwa hauko tena. Damu ya ng'ombe aliyechanjwa hufanana na ya yule aliyeugua akapona. Basi hapana budi kila nchi iache kuchanja, kisha ipime damu. Lakini nchi iliyoacha kuchanja ilikuwa imeacha mlango wazi, ikitumaini kwamba jirani yake hafichi ugonjwa. Bila uaminifu huo, kazi isingalimalizika.

Mara ya mwisho sotoka ilionekana mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru, nchini Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekomeshwa duniani kote. Baada ya ndui, uliotangazwa kukomeshwa mwaka 1980, huo ndio ugonjwa wa pili kufutwa na wanadamu.

Hata hivyo, ndugu yake angali hai: sotoka ya mbuzi na kondoo. Mwaka 2015 mataifa yaliazimu kuikomesha ifikapo mwaka 2030. Mbuzi ndiye akiba ya maskini. Huuzwa ili kulipia karo ya mtoto na dawa ya mgonjwa. Basi mfugaji apelekaye mbuzi wake wakachanjwe, na atoaye habari upesi aonapo dalili, huwalinda pia majirani walio ng'ambo ya mpaka, ambao pengine hataonana nao kamwe.