Nauli ya Kuwafuata Mbega



Juma lililopita ilitufikia barua ya mama mmoja wa Ngoingwa, huko Thika, ambako jamaa zetu kadhaa walihamia kwa ajili ya kazi za viwandani. Bintiye, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa elimu ya wanyama, amekubaliwa kushiriki katika utafiti wa mbega huko Diani kuanzia Juni hadi Agosti. Atawahesabu, ataandika wanachokula na mahali wanapovukia barabara, kwani magari na nyaya za umeme huwaua. Ndiyo sababu msafiri wa Diani huona ngazi za kamba zimening'inizwa juu ya lami. Mshahara hakuna, malazi hakuna. "Baba yake amenyamaza," ameandika mama huyo, "nami najua kimya chake ni cha fedha."

Tulidhani jambo ni jepesi: aombe basari. Kumbe hundi ya basari ya NG-CDF huandikwa kwa jina la chuo, ikaingia katika karo, na karo ya binti huyu imekwisha kulipwa. Haiwezi kumnunulia buti wala kumfikisha Ukunda. Mkopo wa kawaida wa HELB una riba ya asilimia 4, na wazazi wake waliukataa tangu siku ya kwanza. Basi kijana ana karo, ana akili, ana barua ya kukubaliwa, na bado hana njia.

Haja ya namna hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1960 Louis Leakey wa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, alitaka kumtuma Jane Goodall, aliyewahi kuwa karani wake, akawachunguze sokwe wa Gombe, Tanganyika. Msichana huyo hakuwa na shahada yoyote. Leakey alibisha hodi hapa na pale hata akapata dola 3,000 kwa Leighton Wilkie, mwenye viwanda wa Marekani. Fedha za miezi michache tu. Wakuu wa serikali nao hawakukubali msichana akae msituni peke yake, ikabidi mamake, Vanne, afuatane naye. Sisi hukikumbuka kisa hiki kwa ajili ya mama yule kuliko zile dola, kwani baba wa Ngoingwa naye, tulipompigia simu, hakuanza na fedha. Aliuliza: "Atalala wapi?"

Swali hilo ndilo lililofungua njia. Tulimwomba binti atuandikie hesabu yake yote, na tunawasihi wanafunzi wengine wafanye vivyo hivyo, maana anayeomba "msaada wa masomo" hupewa dua, na anayetaja kitu na bei yake hupewa kitu. Hesabu ilifika shilingi 58,500. Chumba na chakula vilichukua 39,000, nauli ya kwenda na kurudi, 4,500, tuktuk za kila siku, 7,500, bima, 1,500, buti, koti la mvua na darubini, 6,000. Tukauliza kama hana jamaa Kwale. Anaye khalati yake Ukunda, ambaye aliposikia alikasirika kwa nini hakuambiwa mapema. Chumba na chakula vikafutika, na baba akapata jibu lake.

Zikabaki 19,500. Masheikh tuliowauliza walitofautiana kama zaka yafaa hapa. Kuhusu sadaka na karadha isiyo na riba, hakuna aliyetofautiana. Baada ya sala ya Ijumaa watu wa baraza letu walichanga 12,000, na mzee mmoja, aliyecheka sana kusikia kwamba mtoto anasomeshwa kuwahesabu kima, ndiye aliyetoa nyingi kuliko wote. Binti ameomba zihesabiwe kuwa karadha, atazirejesha akipata kazi, ili apewe mwanafunzi mwingine. Tumezifungulia daftari.

Kilichosalia ni 7,500, sawasawa na nauli za tuktuk kutoka kwa khalati hadi msituni. Kituo kinataka jibu la mwisho kabla ya Alhamisi ijayo. Mwenye nia na amwone mweka hazina wetu barazani, baada ya Alasiri.