Kwale hapandi mti, bwana

Mwandishi wa makala ya juzi kuhusu ndege wa Uingereza anatuambia kwamba kwale wa kijivu wanateketea majira ya baridi kwa kukosa miti ya kulala. Dawa yake: pandeni miti kandokando ya mashamba. Huyu bwana hajawahi kumfuata kwale jioni.

Anayelala mtini ni fezanti. Kanga wetu naye hupanda mti jua likichwa, na pengine ndiko alikolitoa wazo lake. Kwale wa kijivu hulala chini, katikati ya shamba lililovunwa, mbali na ua wa miti ambako mbweha hupita akinusanusa. Giza likianza kuingia, kundi huitana kwa sauti ya kukwaruza, huruka kidogo, hutua, kisha hubanana, vichwa vikitazama nje. Adui aje upande wowote, yupo atakayemwona, na wote hufumka kwa mshindo mmoja. Theluji ikiwa laini, kwale hujichimbia humo wakikwepa upepo. Asiyeamini aende asubuhi atafute kinyesi: atakikuta kimerundikana pamoja, shamba wazi, wala hakuna tawi juu yake.

Mti huo atakaoupanda utakuwa kituo cha mwewe. Kwale hawa wamepungua nchini humo kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1960, na sababu kubwa inajulikana: dawa za mashambani zilizomaliza magugu na wadudu wanaoliwa na vifaranga. Mabua yaachwe shambani hadi baridi iishe. Miche airudishe kitaluni.