POMBE YA MAGENDO: MNACHOMA NGAPI, MNABAKIZA NGAPI?

NDUGU msomaji, mchezo huu umeuona mpaka umeuzoea. Katoni za pombe ya magendo zimepangwa uwanjani. Mkubwa mmoja wa serikali kasimama mbele yake, mikono nyuma, kamera ziko tayari. Anahutubia, anaonya, anamwaga chupa mbili tatu, kisha moto unawashwa. Jioni inatangazwa kwamba magendo yamekomeshwa Kagera. Kesho yake ukipita Hamugembe au Kashai kwa shughuli zako, kinywaji kile kile kipo, na bei ni ile ile.

Sisi tunauliza swali ambalo siku ya moto haliulizwi. Zilikamatwa katoni ngapi, na zilizochomwa ni ngapi?

Usituelewe vibaya. Hatutetei magendo. Pombe isiyojulikana ilikotoka inaua, na anayekufa si mtoto wa kigogo. Ni wewe mlalahoi wa Rwamishenye, ni mvuvi wa Bumbire, ni dereva wa bodaboda wa Muleba mjini. Ndiyo maana hatukubali vita hii iendeshwe kama maigizo.

Kwanza tuseme inakopitia. Mutukula kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na Rais Museveni na hayati Rais Magufuli Novemba 2017. Lori lenye karatasi zake linapita hapo. Pombe isiyo na karatasi haina haja na Mutukula. Inazo njia za panya za Missenyi, na inalo ziwa. Mtumbwi wenye injini unaweza kushusha mzigo usiku ufukwe wowote, kuanzia Kashenye mpaka Muleba, au ukapumzika kwanza visiwani, Goziba, Kerebe, Bumbire au Ikuza, ambako fedha taslimu ipo na serikali iko mbali.

Na kwa nini inakuja? Inakuja kwa sababu inalipa. Pombe kali halali inabeba ushuru wa bidhaa, inabeba VAT, na tangu Januari 2019 lazima chupa iwe na stempu ya kielektroniki ya TRA. Anayekwepa yote hayo anauza kwa bei ya chini kuliko mwenye leseni, na bado anabaki na mshiko mnene.

Kumbuka pia habari ya viroba. Serikali yetu ilivipiga marufuku kuanzia 1 Machi 2017. Shabaha ilikuwa njema, maana viroba vilikuwa vinaingia mpaka kwenye mifuko ya sare za shule. Lakini Uganda ilikuja kuvizuia mwaka 2019. Kwa miaka miwili kitu kile kile kilikuwa haramu upande huu wa mpaka na halali upande ule. Hapo mfanyabiashara hahitaji digrii. Marufuku ya upande mmoja ni mtaji wa upande wa pili.

Sasa tuje kwa anayekamatwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina meno. Mtu wa magendo anaweza kufungwa hadi miaka 5, na chombo kilichobeba mzigo kinaweza kutaifishwa pamoja na mzigo wenyewe. Meno hayo yanamuuma nani? Yanamuuma kijana aliyepewa ujira wa usiku mmoja, akabeba mzigo usio wake kwa pikipiki ya mkopo. Anapoteza pikipiki, anapoteza uhuru, na deni linabaki nyumbani. Mwenye mzigo amelala. Furu anakaangwa, sangara anaogelea.

Ndugu msomaji, kwenye bidhaa zilizokamatwa ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Februari 2024, kijijini Kangai, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu zaidi ya 10 walikufa na wengine wakapoteza uwezo wa kuona baada ya kunywa pombe yenye sumu. Serikali ya Kenya yenyewe ikatangaza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo. Ilikuwa imeshakamatwa na kuhifadhiwa katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, ikatoka humo kwa mlango wa nyuma, ikarudi baa.

Soma tena hapo. Sumu ilikuwa mikononi mwa dola, na dola hiyo hiyo ikairudisha kwa wananchi.

Nani anatuhakikishia kwamba stoo za hapa kwetu zina makufuli bora kuliko ya Kiamaciri? Na usidhani sumu yenyewe ni ya mbali. Aprili 2010, Kabale na wilaya za jirani, kusini magharibi mwa Uganda, waragi iliyochanganywa na methanoli iliua watu wanaokaribia 80 au zaidi. Methanoli haina harufu ya kukutisha. Mililita 10 tu, vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu mzima.

Hata pale mali inapofika mwisho wake hadharani, serikali ya CCM haijawahi kutueleza inafuata kanuni gani. Oktoba 2017 ng'ombe 1,305 wa wafugaji kutoka Kenya walipigwa mnada. Siku chache baadaye, vifaranga 6,400 kutoka nchi hiyo hiyo vilichomwa moto Namanga. Hiki kinauzwa, kile kinachomwa, na mwananchi anabaki kutazama moshi. Wana Kagera, nyinyi mliopigwa na tetemeko la 10 Septemba 2016 kisha mkabaki kuuliza michango ilikwenda wapi, mnajua uchungu wa mali ya umma isiyo na hesabu.

Wazee wanakumbuka mwaka 1983, Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa porini na mitoni kwa hofu. Lakini uhaba wa sabuni na nguo haukumalizwa na operesheni. Ulianza kupungua serikali iliporuhusu, mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa wenyewe. Operesheni inakamata mzigo. Sababu ya mzigo huo kuwepo inaiacha pale pale.

Sisi si watu wa kulalamika tu. Tunasema yafanyike haya.

Mosi, mzigo uhesabiwe palepale unapokamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, nayo isainiwe na mwenye mahali na mashahidi. Nakala ya hesabu hiyo ibandikwe ofisi ya kata, ikionyesha aina, idadi na tarehe. Siku ya kuteketeza, hesabu hiyo isomwe hadharani kabla ya kiberiti kuwashwa. Zikipungua hata katoni 3, mwenye ufunguo wa stoo ajibu.

Pili, pombe isikae stoo miezi. Zichukuliwe sampuli kwa ajili ya mahakama na Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha hakimu aamuru mapema mzigo uliobaki ufanyweje. Kinachokaa sana ndicho kinachoibwa.

Tatu, yenye sumu na isiyojulikana iteketezwe kwa utaratibu wa afya na mazingira. Isimwagwe ziwani, ambako Bukoba inapata maji ya kunywa. Ile iliyo salama lakini imekwepa kodi isipigwe mnada wa kirafiki, tajiri yule yule akaja kuinunua kwa bei ya kutupa. Yapo matumizi mengine. Mwaka 2020, wakati wa korona, Poland ilitoa lita zipatazo 430,000 za spiriti na vodka zilizokamatwa ili zitumike kuua vijidudu. Zahanati zetu za visiwani zinahitaji spiriti ya kusafishia vidonda. Kwa nini tuichome?

Nne, pikipiki na mitumbwi iliyotaifishwa iuzwe kwa mnada wa wazi, na fedha zitangazwe. Isigeuke usafiri wa maofisa.

Tano, na hili ndilo mzizi. Mwaka 1965 Uganda ilitunga sheria ya enguli. Mpishi wa pombe ya kienyeji alitakiwa awe na leseni na auze kwa kiwanda, kiwanda kikasafisha, ikazaliwa Uganda Waragi inayojulikana dunia nzima. Sisi mwaka 1966 tukatunga Sheria ya Moshi, na mpaka leo mama wa Kamachumu anayepika gongo kutokana na ndizi zake anakimbizana na mgambo migombani. Ndizi ni zetu, lubisi ni yetu, ufundi ni wetu, na bado tunakunywa cha magendo kutoka kwa jirani aliyetumia akili. Wapewe leseni, wapimwe, wajengewe kiwanda Bukoba au Muleba, walipe kodi. Kijana atapata ajira ya mchana badala ya ujira wa usiku.

Watatuambia hilo litaongeza ulevi. Tunawajibu: ulevi upo tayari, ila hauna kipimo, hauna kodi wala daktari.

Na wewe kijana unayesoma, una sehemu yako. Chupa isiyo na stempu iache mezani, hata kama ni ya ofa. Mzigo usiojua mwenyewe usiubebe, maana siku ya kukamatwa utakuwa wako peke yako. Ukimwona rafiki analalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa, usimwambie akalale. Mkimbize hospitali usiku huo huo.

Tena kuna kazi isiyohitaji fedha wala kadi ya chama. Siku nyingine mkubwa akisimama mbele ya katoni na kamera, usogee karibu, unyooshe mkono, uulize kwa sauti ya kusikika nyuma: zilikamatwa ngapi, hizi ni ngapi, na nyingine ziko wapi? Akikasirika, waulize na wenzako waulize. Mali iliyokamatwa kwa jina la wananchi lazima ihesabiwe mbele ya wananchi.