Usimlaumu Mwenzi Usiyemjua

Imekuwa desturi ya vijana wengi wa Malindi, Watamu na Kilifi, wanaposhindwa katika mchezo wa vita wa simu kama Free Fire au PUBG Mobile, kutoa udhuru mmoja: "Nilipangwa na watu wasiojua kitu." Udhuru huo hukubaliwa upesi kwa kuwa ni mtamu kinywani mwa kila autoaye. Lakini sehemu kubwa yake ni uongo, na mazoea yake ni mabaya.

Tuutazame mchezo wenyewe. Katika Free Fire wachezaji wapatao 50, na katika PUBG Mobile wapatao 100, hushuka kisiwani kwa miavuli, mikono mitupu. Hutafuta silaha, na eneo la salama hupungua kidogo kidogo. Asiye na kundi lake hupangiwa wenzi watatu asiowajua majina, sura wala lugha. Mwenye udhuru hufanya nini? Hushuka mbali na wenziwe, hukimbilia nyara, wala haonyeshi adui alipo, ijapokuwa amepewa alama ya kuonyesha bila kusema neno. Mwenziwe akiangushwa, akatambaa akingoja kuinuliwa, yeye humpita. Kisha huzingirwa na wanne, akauawa, akalia kwamba wenzi hawafai. Je, wanne wakimshinda mmoja, pana ajabu gani?

Watasema, "Haiwezekani kushirikiana na usiyemjua." Historia ya Malindi yakanusha. Mwaka 1589 Wazimba, baada ya kuivamia Mombasa, waliujia mji huo. Waliokuwamo ni wenyeji na Wareno wachache. Adui alikuwa amekwisha anza kuupanda ukuta, ndipo Wasegeju walipotokea na kumpiga kwa nyuma, akavunjika. Waliomshinda hawakuwa wa kabila moja, wala wa dini moja, wala wa lugha moja. Wa ukutani walimshughulisha kwa mbele. Wa nje walimpiga kwa nyuma. Lau wa ukutani wangalikimbia, au Wasegeju wangalisema, "Hao si wetu," Malindi ingaliangamia.

Mbinu hiyo ndiyo ifaayo katika mchezo. Mmoja hupiga risasi ili adui asiinue kichwa, mwenziwe akazunguka ubavuni. Kazi hiyo haitaki udugu wala mazungumzo marefu. Yataka kila mmoja ajue mwenziwe yuko wapi na anafanya nini. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala vidole viwili havisaidii vikiwa mbalimbali.

Yuko atakayejibu kwamba wageni wengine hawajui mchezo kweli, na wengine huuacha katikati. Nakubali, wapo. Lakini asiyejua huongozwa. Mwekee alama penye silaha, ataifuata; mwinue alipoanguka, atakulinda. Ukimtukana, huziba masikio na kwenda zake, nawe umejipunguzia jeshi kwa ulimi wako mwenyewe. Tena walalamikaji husahau jambo moja: kwa mwenzi yule, mgeni ni wewe. Huenda saa hii naye, katika mji mwingine, awaambia rafiki zake kwamba alipangwa na mtu asiyejua kitu!

Mchezo huisha kwa dakika chache, lakini tabia hukaa. Kesho mtafanya kazi hospitalini, bandarini, shuleni na vyomboni pamoja na watu ambao hamkuwachagua. Kijana aliyezoea kumpita aliyeanguka, kisha akamlaumu kwa kuanguka, atakuwa mzigo kwa wote. Basi shukeni pamoja, onyesheni mlionalo, mwinueni aliyeanguka kabla ya kutazama nyara. Mkishindwa baada ya hayo, mtakuwa mmeshindwa na adui. Hamtakuwa mmejishinda wenyewe.